Kipande cha Thelathini na Mbili

Daktari alikuwa na desturi ya kukalia mikono yake. Hakuikunja kifuani wala kuilaza mapajani. Aliikalia. Alivuta kiti cha plastiki mbele ya skrini, akaingiza viganja chini ya mapaja, kisha akatulia kama mtoto aliyeonywa asiguse keki ya harusi. Ungemkuta hivyo asubuhi ukienda kumwomba chumvi, na ungemkuta hivyo jioni ukiirudisha.

"Mbona unaikalia?" nilimuuliza wiki ile niliyohamia chumba kinachotazamana na chake.

"Haiaminiki," akasema bila kugeuka. "Mikono ya binadamu ikiona kitu hakijakamilika, inakikamilisha. Mimi nataka kujua kama kitajikamilisha."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa nani. Hakuwahi kuniambia, na katika miaka miwili niliyoishi jirani naye hatukukosa mambo mengine ya kuzungumza. Najua tu kwamba alikuwa na dada mkulima kule Mau Narok, gari dogo la rangi ya maziwa lililopenda kuwaka likiteremka, na sweta mbili zilizofanana kiasi kwamba watu waliapa ana moja.

Jengo lilikuwa Nakuru mjini. Chini kulikuwa na duka la vipuri vya magari, juu vyumba vya wapangaji, na mwenyewe alikuwa Mama Jaspreet, mjane wa Kisikh aliyejua jina la kila boliti dukani mwake na siri ya kila mpangaji ghorofani. Daktari alikodi chumba kikubwa cha nyuma. Ndani yake alipanga kompyuta tano zisizo na vifuniko, feni zikiunguruma, nyaya zikining'inia kama utumbo kwenye bucha.

Sote tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa kusoma, si wa sindano, lakini ufafanuzi huo haukufika mbali mtaani. Watu walimletea vikohozi, vipele, magoti ya wakwe zao. Alimsikiliza kila mmoja. Mwenye homa kali au anayetoka damu alimwandikia jina la hospitali kwenye karatasi na kumsimamia mpaka apande pikipiki. Waliobaki aliwaambia, "Nenda nyumbani. Kunywa maji. Lala. Utapona mwenyewe." Wakapona wenyewe. Sifa zake zikaenea mpaka Njoro. Mama mmoja akaja na kuku wa shukrani, amemfunga miguu kwa kitambaa.

"Lakini mathe, mimi sijafanya chochote," Daktari akamwambia.

"Ndiyo maana nimekuletea," mama akajibu. "Wale wengine wote walinifanyia."

Kazi yake halisi ilikuwa virusi vya viazi. Kuna ugonjwa unaokunja majani ya viazi yakawa kama sigara, na shamba la dada yake lilikuwa limevuta sigara hizo misimu mitatu mfululizo. Daktari hakuvitazama virusi vyenyewe. Alivitengeneza ndani ya kompyuta, kwa hesabu, ili aone jinsi protini zinavyokusanyika kuunda ganda lao. Ganda lile, alivyolichora yeye, limeungwa kama mpira wa ngozi wa zamani: vipande ishirini vya pembe sita na vipande kumi na viwili vya pembe tano. Jumla thelathini na viwili. Kila kipande kilikuwa kundi la protini, na kila kundi lilielea peke yake ndani ya maji ya kompyuta, likisukumwa na joto huku na huku, likigonga wenzake. Vikigongana upande usiofaa, vinaachana. Vikigongana upande unaofaa, vinashikana.

"Hakuna fundi," aliniambia siku ya kwanza, macho yameng'aa. "Hakuna ramani. Hakuna msimamizi, hakuna mwenyekiti, hakuna katibu. Vinagongana tu, na mwishowe mpira unatokea. Sasa sisi hapa, wapangaji tisa wenye akili timamu, tumeshindwa kuunda kamati ya tangi la maji tangu Januari."

Yeye aliziandikia mashine sheria chache tu. Joto ni hili. Maji ni haya. Gundi iliyo pembeni mwa kila kipande ina ukali huu. Kisha akavitawanya vipande na kuziacha mashine zihesabu kila mgongano, wiki baada ya wiki. Kwa kazi ya wiki nzima, ndani ya ulimwengu ule ulikuwa umepita muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayekuambia bibi yake ana miaka mia.

Na alikuwa na haja moja, ambayo jengo zima liliijua: alitaka kuona ganda moja likijifunga lote, bila mtu kulisukuma. Likijifunga, basi sheria alizoandika ni za kweli, na anayejua mlango unavyojifunga anaweza kutafuta kijiti cha kuuzuia. Siku moja, labda, dada yake angevuna viazi badala ya sigara. Lakini ganda lilifika vipande thelathini na kimoja likakwama. Lilibaki na shimo. Kila mara thelathini na kimoja, kila mara shimo. Likawa salamu yetu ngazini.

"Niaje, Daktari? Shimo?"

"Bado lipo. Linawasalimu."

*

Ungedhani mtu wa namna hiyo, anayekalia mikono ili asiguse, ni mpole kwa viumbe wengine pia. La. Daktari alisukuma kila kitu kisichokuwa ndani ya kompyuta.

Makanika walicheza drafti kwa vifuniko vya soda nje ya duka. Daktari hakuweza kupita. Alisimama, akapumua kwa pua mara tatu, kisha kidole kikatoka chenyewe na kusogeza kifuniko. "Mzee, si wewe unacheza!" wakamkemea. "Najua," akasema, "lakini ungechelewa kuiona." Siku ambazo magari yalikwama kwenye mzunguko, aliegesha lake, akashuka na sweta yake na kuanza kuelekeza matatu kwa mikono miwili, mpaka askari mwenyewe akamwomba kwa heshima arudi garini kwa sababu yeye ndiye aliyeziba njia. Kwenye misiba alipanga foleni ya kuaga mwili kwa kimo. Mimi alitaka kuniozesha kwa fundi wa meno wa ghorofa iliyo chini yetu, kijana mzuri asiye na kosa, na kwa miezi minne alibuni sababu za kutukutanisha ngazini, ikiwemo kutuazima sote wawili ngazi ile ile ya mbao saa ile ile.

"Daktari," nilimwambia nikiwa nimeshika upande mmoja wa ngazi na fundi wa meno upande mwingine, "hii siyo kusukuma?"

"Hii ni kuongeza joto," akajibu, akafunga mlango wake.

Lakini hakuna mahali aliponiumiza kama kwenye muswada wangu. Nilihamia Nakuru kuandika riwaya yangu ya kwanza, na kwa ujinga wa upweke nikampa asome. Mhusika wangu wa kiume na wa kike walikutana mazikoni. Mvua ikanyesha. Palikuwa na mwavuli mmoja. Kwenye vikao vyetu vya waandishi Nairobi mwavuli ule ulikuwa umesifiwa sana, mmoja wetu akasema ni anga dogo la matumaini, na mimi sikumkatalia. Daktari alinirudishia muswada na maneno mawili ya penseli pembeni mwa ukurasa wa arobaini: *Nani kawasukuma?*

"Mvua," nikasema.

"Mvua umeileta wewe. Mwavuli umeuleta wewe. Hao watu hawajashikana, umewabana." Alinitazama kwa huruma ya kweli, jambo lililonitia hasira zaidi. "Toa mwavuli uone."

Nikautoa, ili nimwonyeshe. Nikaandika upya kwa wiki mbili, nikiwaacha wafanye wanavyotaka. Hawakushikana. Nilibaki na watu wawili waliolowa, kila mmoja akielekea kwao, na kurasa themanini zisizo na pa kwenda. Sikumsalimu Daktari kwa siku tano. Siku ya sita aliniwekea mlangoni mfuko wa viazi kutoka kwa dada yake, vidogo kama gololi, pamoja na kikaratasi: *Vilivyobaki.*

*

Mama Jaspreet alimwogopa mwanzoni. Janga lilikuwa limepita majuzi tu, barakoa zilikuwa bado zinaning'inia kwenye vioo vya magari, na alipopata habari kwamba mpangaji wake anatengeneza virusi, alipanda ngazi na chupa ya dawa ya kusafishia choo, akanyunyizia kizingiti, kitasa na Daktari mwenyewe.

"Hivi ni vya viazi, Mama," Daktari akasema akijipangusa. "Tena ni hesabu tu. Haviwezi kutoka."

"Vya viazi!" Mama Jaspreet akashika kichwa. "Na mimi napika viazi kila siku!"

Akaziba dirisha la chumba kile kwa utepe mpana wa kahawia. Likakaa hivyo mpaka Julai, mwezi ambao Nakuru hulala ndani ya wingu na nguo hazikauki kwa wiki. Siku moja, akija kukagua utepe wake, alihisi hewa ya moto ikitoka mgongoni mwa zile mashine, kavu, ya kudumu, asubuhi mpaka jioni. Alisimama hapo kwa muda mrefu, akigeuza kiganja. Kesho yake akarudi na sinia tatu za papadi, vile vikaratasi vya dengu ambavyo lazima vianikwe kabla ya kukaangwa, akazipanga nyuma ya kompyuta bila kuomba ruhusa. Utepe ukatoka. Kuanzia hapo hakuna aliyetetea sayansi Nakuru kuliko yeye. Stima ikipotea, kabla Daktari hajafika ngazini, ungesikia sauti yake kutoka dukani: "Daktari! Papadi zangu!"

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Daktari alitupeleka kwenye nyama choma ya Kikopey, mimi na Mama Jaspreet ambaye hali nyama lakini anapenda safari. Aliagiza mbavu za kondoo, akala kidogo, kisha akapanga mifupa mezani pembe tano tano. Mchinjaji alimzoea. "Boss, hii mifupa nitoe ama bado inajengwa?"

"Iache. Bado inatafutana."

Mama Jaspreet alikuwa akila ugali na kachumbari huku ametazama barabara. "Mimi nikiolewa tena," alisema siku moja, "sitaolewa na msomi."

*

Shimo lilitatuliwa na fundi wa viatu.

Aliitwa Kiprono, alikaa kando ya soko chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, na mbali na viatu alishona mipira ya shule zisizoweza kununua mipya. Daktari alimpelekea mpira mzee uliofumuka, ili apate wa kutolea mfano kwa wageni. Walipokuwa wakingoja gundi ikauke, alimwonyesha picha ya ganda lake kwenye simu. Mimi nilikuwepo, nimevaa kiatu kimoja, kingine kiko mikononi mwa Kiprono.

Kiprono aliitazama kwa umakini, akaikuza kwa vidole viwili. "Mzee, huyu mpira nani ameshona?"

"Kompyuta."

"Ameshona vibaya."

"Sijui. Labda."

"Si labda. Ona hapa." Akaonyesha kwa ncha ya sindano. "Amekaza uzi mapema. Hiki kimekaa upande, hiki kimevutwa, na vyote vimeshikwa kabisa, haviwezi kurudi. Sasa shimo limebaki na sura yake lenyewe. Hata ulete kipande gani, hakiingii."

"Wewe unafanyaje?"

"Mimi nashona mlegevu. Kila kipande kinacheza-cheza. Nikikosea, nafungua. Nikifika cha mwisho ndiyo nakaza, vyote pamoja." Akanirushia kiatu changu. "Mwambie huyo kompyuta apunguze kiherehere."

Nilirudi na Daktari mpaka kwenye ngazi. Hapo akashika ukuta. "Miaka minne," akasema. "Miaka minne likikwama nimekuwa nikiongeza gundi."

Siku hiyo hiyo akapunguza. Alipunguza mpaka vipande vikawa vinashikana na kuachana, vinashikana na kuachana, na kwenye skrini hapakuonekana kitu ila vurugu za upole. Yeye alifurahi kupita kiasi. Alianza kuona gundi kila mahali. Redio ikitangaza muungano mpya wa vyama, viongozi wameshikana mikono juu wakicheka, alitikisa kichwa: "Gundi nyingi mno, mapema mno. Hao watabaki na shimo." Na walibaki nalo. Harusi yenye mapambo mengi: gundi. Kwaya iliyovaa sare kabla ya kujifunza wimbo: gundi. Alipoona fundi wa meno akinisaidia kubeba mtungi wa gesi kwa hiari yake, bila ngazi ya mbao, aliingia chumbani kwake haraka na kufunga mlango polepole sana.

Tatizo la gundi dhaifu ni kwamba inataka muda. Na muda wa Daktari ulikuwa na mwenyewe.

*

Mashine zilikuwa za wafadhili, na wafadhili walikuwa na afisa wa mradi. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyenye ncha, aliyezungumza kana kwamba kila sentensi ina picha pembeni yake. Alikuja na habari: kutakuwa na ziara. Wafadhili watakuja, na mgeni rasmi, mheshimiwa fulani. Ganda likionekana limefungwa siku hiyo, mradi utaendelea. Lisipofungwa, mashine zitapelekwa kwingine.

"Kwa hivyo Daktari, tunasimama wapi kwa upande wa kufunga?" akauliza, akitazama skrini.

"Hatusimami. Tunangoja."

"Mwezi jana mlikuwa na vipande thelathini na kimoja. Sasa naona vinne. Vitano. Vinne tena."

"Mwezi jana vilikuwa vimekosea."

Afisa alitabasamu kama mtu aliyemwagiwa chai akiwa kanisani. "Hatuwezi kuongeza nguvu kidogo? Ile gundi?"

"Tunaweza. Utapata shimo."

"Basi hicho kimoja cha mwisho, si mtu anaweza tu..." Akafanya kwa kidole: tap.

Sikuwahi kuona uso wa Daktari ukiwa vile. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetajiwa jambo analolifikiria kila siku. Kwa maana alijua kitufe. Ulikuwa mstari mmoja wa maandishi, aliniambia baadaye: unakitaja kipande, unataja mahali, kimeingia. Dakika moja. Ndiyo sababu alikalia mikono.

"Hapana," akasema.

Afisa akaandika. Halafu, kwa nia njema kabisa, akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Kati ya hivi vipande, mwenyekiti ni kipi?"

"Hakuna."

"Yaani anayeongoza. Anayeita wenzake."

"Hakuna anayeita. Vinagongana tu."

"Itakuwa ngumu kuwaelezea watu," afisa akasema, na kwa hilo alikuwa mkweli.

Siku ya ziara ilifika, ganda lina vipande kumi na tisa, vizuri, vimenyooka, bila kosa, na kumi na vitatu vinazurura. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli tangu saa tatu asubuhi. Maombi yaliombwa. Meza kuu ilitambulishwa, kisha wale waliotambulisha wakatambulishwa. Mgeni rasmi alifika saa sita, sote tukasimama, mandazi yakiwa yameisha. Ndipo afisa akazima taa na kuonyesha filamu ambayo Daktari hakuwahi kuiona.

Ilikuwa nzuri, lazima nikiri. Ilitengenezwa na vijana wa matangazo. Vipande vilielea kwenye bahari ya buluu, na kimoja kilikuwa chekundu. Chekundu kilipita katikati, vingine vikafuata nyuma kwa mstari. Kinanda kikalia. Vipande vikajipanga vikafunga duara, shimo moja likabaki juu, na vyote vikatulia, vikingoja. Kisha kile chekundu kikatokea tena kwa mbali, polepole, kimechelewa, na ngoma zikapigwa, kikashuka katikati ya wenzake na kuziba. Mwanga ukamwagika. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mgeni rasmi alikuwa amejitambua humo. Alipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa.

Daktari alikuwa kando yangu, viganja chini ya mapaja. Nikahisi kiti kinatikisika. Akatoa mikono, akasimama.

"Hicho kipande kimesukumwa," akasema.

"Daktari," afisa akanong'ona, "maswali ni baadaye."

"Siyo swali. Mheshimiwa, wageni, samahani. Hakuna kipande chekundu. Hakuna kinachotangulia na hakuna kinachongojwa. Kingekuwepo cha namna hiyo, ganda lisingefungwa kamwe, maana vingine vyote vingekuwa vimekaa vinangoja." Akatafuta neno la upole, hakulipata. "La kwetu lina vipande kumi na tisa."

Mtu mmoja nyuma, nadhani dereva, akacheka kisha akajifanya anakohoa. Mgeni rasmi aliuliza kwa sauti ya taratibu iwapo bwana huyu ni mfanyakazi wa mradi. Afisa akajibu kwamba alikuwa.

Wiki mbili baadaye walikuja na lori. Walibeba kompyuta ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano walimkuta Mama Jaspreet amesimama mbele yake, mikono kiunoni, sinia za papadi zimepangwa juu, nyuma na pembeni mpaka mashine haionekani.

"Mama, na hiyo?"

"Hii ya kukaushia papadi."

"Mama, hiyo ni kompyuta."

"Wewe ulishaona kompyuta ikiwa na papadi? Toa mkono. Utavunja."

Walihesabu tena karatasi zao, wakatazamana, wakashuka. Daktari alikuwa ngazini wakati wote huo, na hakutetea chochote. Mashine moja ingechukua muda mara tano ya zile tano. Alisema tu, "Itangoja," kisha akavuta kiti.

*

Mimi nilirudi Nairobi. Riwaya ilichapishwa hatimaye, fupi kuliko nilivyodhani, haina mwavuli. Agosti iliyopita nilialikwa Nakuru kuisoma mbele ya watu kumi na mmoja na mtoto, na baada ya hapo nikapita kwenye jengo lile mchana, nikiwa na sukari na majani ya chai kama inavyofaa.

Mama Jaspreet alinipokea mlangoni pa duka. "Msichana wa vitabu! Umekuja vizuri. Mpira wake umefunga."

Nilidhani sikumwelewa. "Umefunga? Wote?"

"Wote, wote. Jumanne. Yeye alikuwa Mau Narok kwa dada yake, wanachimba viazi. Mimi nimeenda kutoa papadi. Naona kile kipande kinazunguka hapo nje, kinagonga, kinatoka. Kinagonga, kinatoka. Nikasema, hebu nione huyu mjinga. Nikakaa. Kimegeuka kidogo hivi, kimeingia. Halafu vyote vimetulia kabisa." Akapangusa mikono kwenye shali. "Nikampigia. Nikamuuliza, Daktari, mpira umefunga, nizime? Akapiga kelele nikadhani ameumwa na nyoka."

Nilipanda ngazi. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, sweta ile au pacha wake, udongo wa Mau Narok bado kwenye kingo za viatu. Kwenye skrini kulikuwa na mpira mmoja mdogo, mzima, ukizunguka taratibu. Alinirudishia nyuma rekodi bila salamu, nikaona aliyoyaona Mama Jaspreet: kipande kikigonga, kikitoka, kikigonga, kikigeuka. Hakuna kinanda. Kiliingia kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake mwenyewe nyumbani.

"Nilikuwa nachagua viazi," akasema. "Vikubwa huku, vidogo huku. Miaka yote hii, mwandishi, na mimi nachagua viazi."

"Hujafurahi?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu. "Nilitaka kujua kama linaweza kujifunga bila mtu," akasema. "Nadhani sikujua kwamba huyo mtu ni mimi." Kisha akacheka mpaka macho yakalowa, akajipangusa kwa mkono wa sweta.

Mama Jaspreet aliingia na sinia ya papadi mbichi. Daktari alikuwa ameinamia kibodi. Akahifadhi kila kitu mara tatu, akabonyeza, na mpira ukatoweka. Vipande thelathini na viwili vikatawanyika kwenye maji.

"Unavunja?" Mama Jaspreet akapiga kelele. "Imefunga, halafu unavunja?"

"Sijavunja, Mama. Ule nimeutunza. Lakini mara moja inaweza kuwa bahati. Lazima nione kama utarudia."

"Na ukirudia?"

"Mara ya tatu."

Mama Jaspreet alinitazama kama anayetafuta shahidi, akapanga papadi zake, akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaketi. Mimi nikapata stuli. Vipande vilielea. Viwili vya pembe sita vilikaribiana, kingo zimetazamana sawasawa kabisa, pengo la upana wa kucha, vikapunguza mwendo, na nikaona vinaanza kupitana bila kuonana. Kidole changu kilikuwa kimeshainuka kuelekea skrini kabla sijajua.

"Mwandishi," Daktari akasema, macho mbele.

Nikaikalia mikono yangu.